Chupa 37 Zilizopotea: Niliyojifunza Nikihifadhi Nyanya kwa Mavyaa Wangu, Nocera

Jioni moja ya Oktoba 2019 nilishuka stoo kuchukua chupa ya nyanya ya kupikia, nikapokewa na harufu ya uchachu kabla sijawasha taa. Kwenye rafu ya chini vizibo vitatu vilikuwa vimefyatuka. Nyanya zilikuwa zimetiririka ukutani mpaka sakafuni na kuganda. Nilipoinama niokote kizibo, nikasikia chupa nyingine zinatoa hewa taratibu, kama soda inayofunguliwa kwa woga. Chupa zote zile nilikuwa nimezipanga kwa mikono yangu mwezi Agosti, na ulikuwa mwaka wa kwanza mie kuisimamia kazi hiyo tangu niolewe.

Nilikaa kwenye ngazi nikalia. Juu, mavyaa alikuwa ameketi jikoni na magongo yake, akisubiri chupa.

Tangu hapo nimeulizwa na wenzangu wengi, walioko huku Italia na walioko nyumbani, jinsi ya kuhifadhi nyanya msimu zinapokuwa nyingi na bei iko chini. Kila mara nimekuwa nikijibu kipande kipande. Leo naandika yote, pamoja na niliyokosea, maana hayo ndiyo yaliyonifundisha.

Mie ni mtu wa Malindi. Aliyekulia Malindi hashangai kusikia Kiitaliano sokoni. Waitaliano wamekuwa kwetu tangu enzi za kituo cha kurushia roketi cha San Marco kule Ngomeni, miaka ya 1960, na baadaye wakaja wa hoteli na majumba ya kupangisha. Nilikuwa mapokezi kwenye hoteli moja, nikakutana na mume wangu, na mwaka 2015 tukahamia kwao, Nocera Inferiore, mkoa wa Salerno. Hapo ni tambarare iliyokaa baina ya mlima Vesuvio na milima ya Lattari, na mto Sarno unapita katikati. Udongo wake ni mweusi na mwepesi kwa sababu ya majivu ya volkano. Ndiko inakotoka nyanya ya San Marzano, ile ndefu iliyochongoka chini, yenye nyama nyingi, mbegu chache na ganda linalotoka bila kushindana nawe. Jina imelipata kwa mji wa jirani, San Marzano sul Sarno, na tangu 1996 jina hilo linalindwa na sheria ya Ulaya. Hupandwa ikafungwa kwenye miti kama maharage ya kutambaa, ikachumwa kwa mkono, mara kadhaa, kadiri inavyoiva.

Huku watu hawasemi wanahifadhi nyanya. Husema "tunafanya chupa", na kila mtu anaelewa. Mwezi Agosti, kabla au baada ya sikukuu ya tarehe 15, utasikia jirani anamuuliza jirani: "Nyinyi mmeshafanya chupa?" Asiyefanya huonekana kama mtu aliyefikiwa na Idi bila kununua hata kilo ya nyama.

Agosti ya 2016 nilishiriki kwa mara ya kwanza, kama bi harusi mgeni, nikitumwa hiki na kile. Tuliamka saa kumi alfajiri ili tuwahi kabla ya joto. Ua lilikuwa limejaa watu: mavyaa, wifi zangu wawili, waume zao, watoto, na mama mmoja mzee wa nyumba ya pili ambaye kazi yake ilikuwa kukagua. Makreti sita ya nyanya yalikuwa yamepumzishwa siku mbili juu ya mashuka kwenye sakafu ya baraza, zimetandazwa safu moja, bila kupandiana. Zikaoshwa kwenye mabeseni matatu, moja baada ya jingine. Sisi wanawake tukakaa na visu, kila nyanya inafunguliwa, inaangaliwa ndani, penye doa jeusi panakatwa. Zikatiwa kwenye sufuria kubwa mpaka zikalegea, zikamwagwa kwenye kitambaa kilichotandazwa juu ya kapu ili maji yachuruzike, kisha zikapitishwa kwenye mashine inayotenga maganda na mbegu upande mmoja na rojo upande wa pili. Maganda yakarudishwa mashineni mara ya pili, na hapo ndipo hutoka ile sehemu nzito kuliko zote. Rojo hilo ndilo wanaloliita pasata.

Watoto walipewa kazi ya kutia jani moja kwenye kila chupa. Niliponusa lile jani moyo ulinidunda. Mrehani! Ule ule wa kwetu, tunaouchanganya na asmini na waridi kwenye vikuba vya harusi. Nikamwambia wifi yangu kuwa sisi tunauvaa. Akaniambia wao wanaula. Tukacheka pamoja, na nadhani siku hiyo ndiyo tuliyoanza kuwa ndugu.

Kabla hatujaanza, mavyaa alikuwa amenivuta pembeni akaniuliza kwa sauti ya chini kama niko katika siku zangu. Sehemu nyingi za kusini mwa Italia wazee wanaamini kuwa mwanamke aliye katika hedhi akigusa nyanya, chupa zitaharibika. Sikukasirika. Bibi yangu alikuwa akitia achari ya ndimu na ya embe, na swali hilo hilo alikuwa akiwauliza shangazi zangu. Lakini nalitaja kwa sababu maalumu: chupa zangu zilipoharibika miaka mitatu baadaye, mtu mmoja wa ukoo alilirudia swali hilo mbele za watu, na liliniumiza. Hedhi haiharibu nyanya. Vinavyoziharibu ni vitu vinavyoonekana na kupimika, na nitavitaja kimoja kimoja.

Mavyaa hakuwa na daftari. Alijua kwa macho, kwa kidole, kwa mlio wa maji. Nikimuuliza "dakika ngapi?" anasema "mpaka ziwe tayari". Nikiuliza "chumvi kiasi gani?" ananionyesha kiganja. Nami kwa miaka mitatu nikaridhika kutazama tu.

Juni 2019 akaanguka bafuni, akavunjika nyonga. Akafanyiwa upasuaji, na daktari akasema hatosimama bila magongo mpaka majira ya baridi. Mume wangu akasema mwaka huu tununue tu nyanya za dukani. Mie nikasema hapana, nitafanya chupa, nataka Mama azikute kwenye rafu. Nia ilikuwa njema. Lakini nilikuwa na siku mbili tu za likizo kazini, na kila kosa nililofanya lilianzia hapo.

Kosa la kwanza lilikuwa nyanya zenyewe. Nilinunua kilo 120 kwa mtu aliyekuwa akiuza bei ya chini barabarani, senti 70 kwa kilo wakati mkulima tuliyemzoea alitaka euro 1 na senti 10. Nyingi zilikuwa zimetoka kwenye miche iliyokwisha kukauka, nyingine zimepasuka. Mie niliona rangi nyekundu nikatosheka. Baadaye ndipo nilipojifunza kuwa nyanya iliyochumwa kwenye mche uliokufa huwa na ukali mdogo, yaani asidi kidogo, na ukali ndio ngome ya nyanya kwenye chupa. Tena nikaziacha siku nne ndani ya makreti yale yale, zimepandiana, nimezifunika nailoni ili nzi wasitue. Joto la Agosti na nailoni! Za chini zilishika ukungu. Nikazikata sehemu mbovu, zilizobaki nikazitia. Nyanya iliyoshika ukungu usiikate, itupe yote, kwa sababu ukungu wenyewe huupunguza ukali wa nyanya.

La pili, vizibo. Chupa zetu ni za bia, za ujazo wa senti-lita 66, tunazokusanya mwaka mzima, na hufungwa kwa vizibo vya bati kama vya soda kwa mashine ya mkono. Nilikuta mfuko wa vizibo vilivyobaki miaka iliyopita, nikaona nisipoteze pesa. Vingine vilikuwa na kutu pembeni, na ule mpira mwembamba wa ndani umekauka. Vizibo 200 vipya wakati ule vilikuwa vikiuzwa chini ya euro 10. Nilikwepa gharama ya euro 10 nikaharibu kazi ya siku mbili.

La tatu, nilijaza mno. Chupa inataka nafasi ya vidole viwili shingoni, kwa sababu nyanya inapochemka hupanda, na isipopata mahali pa kwenda inasukuma kizibo. Tena nilizijaza huku mdomo wa chupa umechafuka rojo, sikuupangusa. Kipande cha ganda kikikaa baina ya kioo na kizibo, chupa hiyo haijafungwa hata ukiiona imefungwa.

La nne ndilo kubwa, nalo ni moto. Chupa hupangwa ndani ya pipa la chuma kwa tabaka, zimezungushiwa matambara na magunia zisigongane, maji yanazifunika mpaka yapite juu ya vizibo, kisha kuni zinawashwa chini. Pipa kama hilo huchukua muda mrefu mno kuchemka. Mie nilihesabu dakika 40 tangu nilipoona bubujiko la kwanza pembeni mwa pipa. Pembeni, palipo karibu na chuma chenye moto! Katikati maji yalikuwa hata hayajatikisika. Saa huanza kuhesabiwa pale uso mzima wa maji unapochemka kwa nguvu, na ukipungua mchemko katikati ya safari, unaanza kuhesabu upya tangu mwanzo.

Na la tano. Nilikuwa na chupa nyingi kuliko pipa, kwa hiyo nilitaka kupika awamu ya pili usiku ule ule. Nikazitoa za kwanza zikiwa bado za moto, nikazisimamisha kwenye sakafu ya mawe, kwenye upepo wa jioni. Ya kwanza ilipasuka nikiwa nimegeuka. Zikafuata tano. Kipande cha kioo kilimchana mume wangu kwenye kifundo cha mguu, kidogo tu, lakini nyanya za moto zilimrukia mtoto wa wifi yangu mkononi. Aliungua kiasi cha kutoka malengelenge. Hilo silisahau. Chupa hubaki ndani ya pipa mpaka maji yapoe kabisa, maana yake hadi kesho yake asubuhi. Na watoto wakae mbali na pipa tangu linapowashwa hadi linapopoa.

Basi kati ya chupa 112, sita zilipasuka usiku ule, na nyingine 31 ziliharibika stoo kufikia katikati ya Oktoba. Jumla 37.

Nilipopanda kumwambia mavyaa, alinyamaza kwa muda. Kisha akauliza: "Maji uliyaona yakicheza katikati?" Nikasema sikuangalia katikati. Akasema: "Mwanangu, kosa langu. Sikukwambia kwa sababu sikujua kama ninalijua." Nimeyarudia maneno hayo kichwani mara nyingi kuliko lawama zozote nilizopewa.

Sasa naomba msomaji aniazime masikio yake yote mawili. Siku ile, kabla sijapanda juu, nilichovya kidole kwenye chupa moja iliyokuwa ikitoa povu nikaonja, nijue kama imechacha. Usifanye hivyo kamwe. Daktari wetu wa familia, nilipompigia simu na kumweleza, alinikemea kama mtoto. Alinieleza kuwa povu na uchachu mara nyingi ni kazi ya hamira na bakteria waliosalimika kwenye moto mdogo, lakini kwenye chupa iliyofungwa anaweza kuwamo mwingine, Clostridium botulinum, anayependa mahali pasipo na hewa. Sumu yake hulemaza neva: macho yanaona viwili viwili, ulimi unakuwa mzito, kumeza kunashindikana, na mwishowe pumzi. Ugonjwa huo unaitwa botulismu. Kinachotisha zaidi ni kwamba chupa yenye sumu hiyo inaweza isinuke wala isibadilike rangi. Italia ni miongoni mwa nchi za Ulaya zinazopata visa vingi vya ugonjwa huo, na sehemu kubwa hutokana na vyakula vilivyohifadhiwa nyumbani, hasa mboga zilizotiwa kwenye mafuta. Alinitaka nikae macho kwa siku kadhaa. Zilikuwa siku ndefu. Namshukuru Mungu hazikuleta kitu.

Zile chupa 31 tulizitia kwenye mifuko miwili miwili bila kuzifungua, tukiwa na glavu, tukazitupa. Hatukumpa kuku, hatukumwaga shambani.

Usiku huo nilianza daftari. Taasisi ya taifa ya afya ya Italia, Istituto Superiore di Sanità, imechapisha mwongozo wa kuhifadhi vyakula nyumbani, na wifi yangu mmoja alikaa nami mezani tukausoma ukurasa kwa ukurasa. Jambo lililonifungua macho ni ukali. Ukali wa chakula hupimwa kwa kipimo kinachoitwa pH, na kadiri namba inavyoshuka ndivyo ukali unavyozidi. Chini ya 4.6 yule bakteria wa botulismu hawezi kukua wala kutoa sumu. Achari ya bibi yangu haikuhitaji kuchemshwa saa nzima kwa sababu ndimu yenyewe iko chini sana ya hapo, na chumvi imeongezwa. Nyanya imekaa ukingoni. Nyingine ziko chini ya 4.6, nyingine zinapita kidogo, kutegemea aina, kuiva na hali ya mche. Maji yanayochemka yana nyuzi 100, ambazo haziwezi kuziua mbegu za bakteria huyo. Zinahitaji nyuzi 121, yaani mtungi maalumu wa presha. Kwa hiyo mwenye pipa au sufuria ya kawaida hulindwa na vitu viwili pamoja, ukali na moto, na hawezi kuacha kimoja akategemea kingine.

Ndiyo maana tangu 2020 natia maji ya limau: vijiko viwili vikubwa kwa kila lita, au nusu kijiko kidogo cha asidi ya sitriki, ule unga mweupe mkali unaouzwa dukani. Natumia maji ya limau ya chupa ya dukani kwa sababu ukali wake haubadiliki. Jambo hili lilizua mgogoro nyumbani. Tunaishi karibu kabisa na pwani ya Amalfi, ambako malimau ni makubwa kama mapapai madogo, na mie nakuja na kichupa cha dukani! Mavyaa alisema mama yake hakutia limau, wala bibi yake, na wote walikufa wazee. Sikubishana naye. Nilimwambia tutie kwenye nusu ya chupa, tuweke alama, halafu yeye mwenyewe aonje wakati wa baridi.

Kwa sababu hiyo hiyo ya ukali, usitie kitunguu, kitunguu saumu wala karoti ndani ya chupa. Vyote hivyo vinapunguza ukali. Nyanya, chumvi, limau, jani moja la mrehani lililooshwa na kukaushwa vizuri, basi. Vitunguu vyako utavikaanga siku ya kupika. Na siku hiyo ya kupika, chemsha rojo dakika kumi kabla hujaonja hata kwa ncha ya kijiko, maana sumu yenyewe, tofauti na mbegu, huharibika kwa kuchemka. Waitaliano karibu wote huipika pasata upya kwa ajili ya tambi, na sidhani wengi wanajua kuwa desturi hiyo inawakinga.

Kisha ikaja Machi 2020. Nchi nzima ilifungwa kwa sababu ya korona, mlango wa nyumba ukawa mpaka wetu. Zilikuwa zimebaki chupa zisizofika arobaini. Kila Jumapili tulifungua mbili: moja kwa tambi, moja mie nikapikia maharage ya nazi kwa kopo la tui nililokuwa nimelificha. Nilikuwa nikizihesabu kila nikishuka. Zile 37 zilinijia kila mara mbele ya macho.

Agosti 2020 nikaomba likizo ya siku tano, na hilo nalishauri kabla ya mengine yote. Siku ya kununua, siku mbili za kupumzisha nyanya, siku ya kazi, siku ya kutoa chupa pipani. Nikanunua kwa mkulima wetu, kilo 130, kwa euro 1 na senti 20. Chupa zilioshwa juzi yake zikakaushwa zimeinamishwa juani. Kila moja niliipitisha kidole mdomoni, yenye hata ufa kama unywele ikawekwa kando. Vizibo vipya vyote. Sufuria ya chuma cha pua, kwa sababu nyanya na alumini hazipatani. Mwaka mmoja wifi yangu alitumia ya alumini na rojo lilikuwa na ladha ya sarafu. Pipa lilikuwa lile lile la miaka yote, linalojulikana lilitoka wapi. Usinunue pipa lililowahi kubeba dawa za shamba au rangi hata ukiambiwa limeoshwa. Kuni ziwe kavu na safi, si mbao zilizopakwa rangi.

Mavyaa alikaa kwenye kiti cha plastiki hatua sita kutoka kwenye pipa, saa ya marehemu mumewe mkononi. Nilipiga kelele "yanacheza katikati!" naye akaangalia saa. Dakika 45.

Hapa niwageukie walioko nyumbani. Nocera iko karibu usawa wa bahari, kama Malindi, Mombasa au Dar es Salaam, kwa hiyo dakika hizo 45 zinafaa na huko kwa chupa zisizozidi lita moja. Lakini ukipanda juu, maji huchemka kabla hayajawa na moto wa kutosha. Nairobi, iliyo karibu mita 1,800 juu ya bahari, maji huchemka kwenye nyuzi kama 94 tu. Mtu wa Nairobi au Arusha aongeze dakika kumi, na aliye juu zaidi ya hapo, kama Nakuru au Eldoret, aongeze kumi na tano. Aina ya nyanya msihangaike kutafuta San Marzano. Zile ndefu za yai mnazoziona sokoni, Roma, Cal J au Rio Grande, ni za nyama nzito na zinafaa vizuri. Za duara zenye maji mengi zitakuchosha kuzikausha. Na si lazima uwe na pipa na kilo mia. Sufuria kubwa yenye kifuniko, kitambaa kimetandazwa chini, chupa kumi za kioo, inatosha kuanzia. Msianze na kilo 120 kama mie.

Kuhusu gharama nitasema ukweli kwa sababu wengi hudhani ni kubana matumizi. Mwaka 2020 nilitumia euro 156 za nyanya, na ukiongeza vizibo, chumvi, limau na kuni, zilifika karibu 195. Tulipata chupa 121. Ni euro 1 na senti 60 kwa chupa, bila kuhesabu jasho la watu saba. Dukani hapa mwaka huo ulikuwa ukipata chupa ya pasata kwa euro moja. Huku Italia, basi, hufanyi chupa ili uokoe pesa. Mie nafanya kwa sababu ya ladha, ambayo haifanani kabisa, na kwa sababu najua kila kilichoingia. Nyumbani hesabu ni nyingine. Pale kreti linapouzwa bei ya kutupa na miezi mitatu baadaye nyanya tatu zinauzwa bei ya kreti, chupa ishirini chini ya kitanda ni pesa kabisa.

Asubuhi ya pili maji ya pipa yalikuwa baridi. Tulizitoa moja moja, mavyaa akizifuta na kugonga kila kizibo kwa ukucha. Kizibo kilichoshika kinatoa mlio mkavu, na kimebonyea kidogo katikati. Mbili zilikuwa zimepasuka humo ndani, kimyakimya. 119 zikashuka stoo, penye giza, zimeandikwa tarehe. Wiki mbili za kwanza nilishuka kila jioni na tochi. Hakuna iliyolia.

Januari tulifungua mbili kwa siku moja, yenye limau na isiyo na limau. Nilizipika kila moja kwenye sufuria yake, dakika kumi za kuchemka, kisha nikampa mavyaa vijiko viwili bila kumwambia kipi ni kipi. Alionja huku, akaonja kule, akarudia huku. Akachagua yenye limau. Nilipomwambia, alikaa kimya, akaomba daftari langu na kalamu. Akavaa miwani, akasoma kurasa zote kwa kidole, polepole. Penye ukurasa wa pipa akaandika mstari mmoja kwa mwandiko wake wa kulala, jambo ambalo mie sikuwa nimeliandika kwa kuwa sikujua kama lipo: "Maji yakipungua ongeza yanayochemka, baridi kamwe."